Mume wangu anasema heri azikwe na busha lake kuliko kuchomwa sindano ya mgongo

SWALI

Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne niko huku Mtama mkoani Lindi, jina naomba usiliweke maana huku tunajuana wote mpaka kuku wa mtu tunawajua. Mume wangu ana miaka 54 na ana busha. Lilianza dogo tu akawa analificha na msuli, sa hivi hata msuli haufichi tena, baiskeli kaacha, shambani akifagia chini ya mkorosho mmoja lazima akae kwanza, msibani anajibanza nyuma kabisa na harusi ndo haendi, na huyu ni mtu aliyekuwa anapenda watu kweli kweli.

Mwaka jana walipita watu wa afya wanaandikisha wenye mabusha, oparesheni bure, nikamwandikisha mwenyewe. Siku ilipofika akaamka alfajiri akasema ana safari ya Masasi ya ghafla. Sasa wametangaza tena na mimi nimechoka kubembeleza mtu mzima.

Sababu zake ni hizi. Kuna rafiki yake alifanyiwa oparesheni ya ngiri hospitali moja huku huku kusini, akachomwa sindano ya mgongo, aliporudi kichwa kilimuuma wiki nzima akinyanyuka tu anaona giza, na usiku wa kwanza kidonda kilipomuuma akaomba dawa akaambiwa avumilie yeye mwanaume gani. Huyo rafiki ndo kila siku yuko barazani kwetu anasimulia. Jirani mwingine anasema sindano ile inaua nguvu za kiume. Na nusu kaputi ndo hataki hata kuisikia, eti watu wa umri wake wanalala hawaamki.

Afu kijana wetu aliyeko Dar kamrushia kwenye WhatsApp habari ya kidonge kipya cha Marekani cha maumivu ya oparesheni kisicholevya. Mzee kashika hapo hapo, anasema anasubiri kidonge kifike Lindi ndo ataenda. Kinachonishangaza shangazi huyu mtu alitiwa jando porini bila ganzi yoyote na mpaka leo anajisifu hakutoa chozi, sasa huu woga umetoka wapi? Nimwambieje? Na samahani kwa swali hili, akishafanyiwa, yale mambo yetu ya ndani yanarudi baada ya muda gani?

Mke mwenye mawazo, Mtama

JIBU

Marahaba mwanangu. Hiyo safari ya Masasi imenichekesha, wala mumeo si wa kwanza, enzi nafanya kazi thieta siku za mabusha tulikuwa tunaita majina asubuhi unaambiwa huyu kaenda shamba, yule kafiwa, yule kasafiri.

Ila kwanza acha kumwita muoga. Rafiki yake hajadanganya, kichwa kile kipo na kinauma vibaya, na kunyimwa dawa ya maumivu usiku kwa kuambiwa uvumilie ni kosa la waliomhudumia, si la oparesheni. Na hiyo ya jando unayoishangaa mimi wala sishangai. Mtu aliyekatwa na ngariba huku wakubwa wanaimba na kupiga ngoma ili sauti ya mtoto isisikike anakijua kisu kuliko wewe na mimi. Jando lilimfundisha kunyamaza, halikumfundisha kutoumwa, na ule unyamavu anakuja nao mpaka wodini. Nimewaona wengi, baba mzima kakunja shuka ndani ya ngumi, jasho linamtoka juu ya mdomo, nesi anapita anauliza "baba unaendeleaje" anajibu "sijambo", basi nesi ana wagonjwa wodi nzima anaandika hajambo anaenda zake, na baba wa watu anakesha.

Sasa tuje kwenye sindano zenyewe maana nadhani hapo hakuna aliyemkalisha akamweleza. Busha si lazima sindano ya mgongo. Mabusha mengi ya maji, hasa yale ambayo hayajawa makubwa kupita kiasi, yanafanywa kwa ganzi ya pale pale. Daktari anachoma dawa ya ganzi inayoitwa lignokeini kwenye kinena, pale mishipa ya fahamu inapopita kwenda kwenye korodani, afu anachoma na kwenye ngozi atakapokata. Inapoingia inawasha kama pilipili kichaa kwa sekunde chache, baada ya hapo mtu anasikia anaguswa na wakati mwingine anavutwa lakini kukatwa hakusikii, na yuko macho anaongea na madaktari. Lignokeini inakaa kama saa moja mpaka mbili. Kuna ndugu yake bupivakeini, hii inaenda masaa manne mpaka nane, ndo maana siku hizi wataalamu wengi kabla ya kufunga kidonda wanaichoma pembezoni mwake ili mgonjwa afike kitandani bado hasikii kitu. Dawa zote mbili ni za zamani na bei yake si ya kutisha, kilichobadilika ni kwamba watu wanazitumia kwa akili zaidi.

Kama busha ni kubwa sana au wakikuta na ngiri imo humo humo, hapo watamwambia mgongo. Mwambie kisa hiki najua atacheka. Aliyeanzisha oparesheni kwa sindano ya mgongo ni daktari Mjerumani anaitwa August Bier, mwaka 1898 huko Kiel. Akataka kujua ganzi inashika kiasi gani, basi yeye mwenyewe akachomwa kwanza lakini haikufanikiwa, ndipo akamchoma msaidizi wake Hildebrandt, afu akaanza kumjaribu, akampiga na nyundo ya chuma kwenye muundi, akamvuta na kumminya korodani kwa nguvu, na yule bwana hakusikia maumivu! Wakafurahi wakaenda kula na kunywa mvinyo na kuvuta sigara. Kesho yake Bier kichwa kikaanza, na kikamlaza siku tisa. Kwa hiyo rafiki wa mumeo kaumwa ugonjwa ule ule alioumwa mgunduzi mwenyewe.

Kichwa kile kinatokana na tundu. Sindano inatoboa ngozi laini inayozunguka maji ya uti wa mgongo, maji yakiendelea kuvuja pale mtu akinyanyuka kichwa kinagonga, akilala kinatulia. Tundu likiwa dogo na maji yanayovuja ni kidogo. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Lancet lilichapa uchambuzi uliokusanya majaribio 110 na wagonjwa zaidi ya 31,000, wakalinganisha sindano zile za kawaida zenye ncha ya kukata na zile zenye ncha ya mviringo kama penseli, ambazo zinapanua nyama badala ya kuichana. Wa sindano ya kukata walioumwa kichwa ni asilimia 11, wa ncha ya penseli asilimia 4.2. Umeona tofauti hiyo. Na kichwa hicho kinawapata zaidi vijana na akina mama wa uzazi, mzee wa miaka 54 yuko kwenye kundi la nafuu. Kwa hiyo mumeo akikutana na mtaalamu wa usingizi aulize bila aibu, "sindano mtakayonichoma ni nyembamba ya namba ngapi, na ncha yake ni ya penseli?" Namba 25 mpaka 27 ni nyembamba, namba ikipanda sindano inapungua. Si kila hospitali ina za penseli kila siku, lakini kuuliza ni bure.

Afu ile ya kuambiwa usinyanyue kichwa masaa 24 ulale kama gogo, tafiti zimeshaangalia, kulala vile hakuzuii kichwa kuuma. Mguu ukishapata nguvu anyanyuke taratibu na mtu wa kumshika. Kichwa kikianza maji mengi, chai ya rangi au kahawa, parasetamo, na kikizidi arudi hospitali asikae nyumbani anaugulia, kuna njia ya kuchukua damu yake mwenyewe kidogo mkononi na kuichoma pale mgongoni kuziba tundu, watu wanapata nafuu haraka.

Nguvu za kiume haziuawi na sindano ya mgongo. Kinachotokea ni miguu na huko chini kufa ganzi masaa mawili mpaka manne hivi, na wengine mkojo unachelewa kutoka siku hiyo, mtu akiona hivyo anatishika anatangaza mtaa mzima. Dawa ikiisha kila kitu kinarudi. Na hata oparesheni ya busha yenyewe korodani haitolewi, yanatolewa maji na ile ngozi ya ndani inayoyatengeneza inakatwa au inageuzwa. Malawi walifuatilia wanaume waliofanyiwa oparesheni hii baada ya miezi kadhaa na wengi wakasema maisha yao yamekuwa mazuri kuliko kabla. Kinachoharibu ndoa ni busha lenyewe, wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Nusu kaputi nitapita haraka maana kwa busha ni nadra kuhitajika. Hiyo ya kwamba wenye umri wanalala hawaamki, Marekani na Kanada walichukua watu 1,600 wa miaka 50 na kuendelea waliovunjika nyonga, nusu yao wakapewa sindano ya mgongo na waliobaki nusu kaputi, majibu yakatoka 2021. Baada ya siku 60 waliokufa au walioshindwa kutembea wenyewe ilikuwa kama asilimia 18 kila upande, yaani hakuna tofauti. Na hao ni wazee waliovunjika nyonga, wagonjwa kweli kweli, si baba wa busha anayekwenda kwa miguu yake. Kikubwa awepo mtu aliyesomea usingizi na kile kibanio cha kidoleni kinachopima hewa ya oksijeni kwenye damu kiwe kinalia muda wote. Namtaja huyo mdudu kwa sababu kuna baba mmoja aliking'oa katikati ya kazi anasema kinamnyonya damu. Hakinyonyi, kinamulika tu taa.

Haya, kidonge cha Marekani. Kijana wenu hajadanganya, kipo. Kinaitwa suzetrigine, jina la dukani Journavx, kinatengenezwa na Vertex, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilikipitisha tarehe 30 Januari 2025. Dawa za jamii ya mofini, yaani zile kali za maumivu, zinafanya kazi mpaka kwenye ubongo ndo maana zinalevya na watu wanazizoea, hiki kinaziba njia moja ndogo ya kupitishia chumvi ya sodiamu kwenye mishipa ya fahamu iliyo nje ya ubongo ili taarifa ya maumivu isifike juu. Ni hatua kubwa kweli kwa wenzetu ambao dawa za mofini zimewamaliza watoto. Lakini msomee mzee na upande wa pili wa habari. Walikijaribu kwa watu waliopunguzwa ngozi ya tumbo na walionyooshwa mfupa wa kidole gumba cha mguu, na kilipowekwa pembeni ya kidonge chao cha zamani cha jamii ya mofini kilichochanganywa na parasetamo hakikukishinda. Bei kilipotoka ilikuwa dola 15 na nusu kidonge kimoja, na unameza asubuhi na jioni. Apige hesabu kwa kilo za korosho aone ni magunia mangapi.

Sisi shida yetu hata si ile ya Marekani. Ripoti ya Lancet ya mwaka 2017 ilisema dunia inagawa zaidi ya tani 298 za dawa za jamii ya mofini kwa mwaka, nchi maskini kabisa zinapata kama kilo 100. Wao zimewazidi, sisi mtu anatoka thieta anapewa parasetamo anaambiwa pole. Ndo maana mimi nasisitiza hiki kinachofuata kuliko vyote.

Maumivu ya kidonda yanatulia vizuri ukiyawahi, na ukichanganya dawa mbili tatu zinazofanya kazi kwa njia tofauti badala ya kutegemea moja kali. Ndo mtindo wa sasa duniani kote. Kwa mtu mzima kama mumeo kawaida inakuwa hivi: parasetamo vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya masaa sita, visizidi vinane kwa siku, na pamoja nayo ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku akiwa amekula, siku tatu mpaka tano za mwanzo. Anaanza kabla ganzi haijaisha, yaani akiwa bado anacheka kitandani ndo anameza, asisubiri kuumwa. Na anameza kwa saa, tega alamu kwenye simu hata saa nane usiku muamshe, maana usiku ndo watu wanaruka dozi afu alfajiri inawakuta wanalia. Ila ibuprofeni si ya kila mtu, kama ana vidonda vya tumbo, figo, pumu, presha anayotumia dawa zake au dawa za kupunguza damu kuganda aseme kwa daktari kwanza. Na mtu wa duka la dawa asije kuwaongezea diklofenaki juu yake, hizo ni jamii moja, ukichanganya unaumiza tumbo na figo bila faida. Tramadol za vijiweni pia hapana, ni dawa ya kuandikiwa, ukiizidisha inaleta degedege.

Mbali na dawa avae chupi ya kubana inayobeba korodani juu, akilala aweke kitaulo kilichokunjwa chini yake, na siku mbili za mwanzo barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi na tano afu unatoa, usiweke barafu kwenye ngozi moja kwa moja. Hiyo peke yake inapunguza uvimbe na uvimbe ndo nusu ya maumivu.

Kula. Wengi bado wanaambiwa usiweke kitu mdomoni toka usiku, afu wanaingia thieta saa nane mchana midomo imekauka wanatetemeka. Miongozo ya sasa inasema chakula kigumu acha masaa sita kabla, cha mafuta mengi manane, lakini maji na chai ya rangi ruhusa mpaka masaa mawili kabla. Uji hapana, chai ya maziwa hapana, hizo zinahesabika chakula. Waulize wenyewe wamepanga vipi na mfuate watakachosema siku hiyo, na kama ni ganzi ya pale pale tu huenda hata wasimzuie.

Na wewe una kazi yako mwanangu. Utafiti mkubwa wa oparesheni Afrika uliotoka 2018, nchi 25 na wagonjwa zaidi ya elfu 11, ulikuta wanaokufa baada ya oparesheni kwetu ni mara mbili ya wastani wa dunia, na wengi hawafii mezani, wanafia baadaye wodini wakati macho yamepungua. Busha si oparesheni ya kuua, sikutishi, lakini kaa karibu. Mfuko ukivimba haraka na kuwa mgumu, damu haikomi, mkojo haujatoka mpaka jioni, miguu haijarudi baada ya masaa sita, homa, usaha, au kichwa chenye shingo kukakamaa, usingoje asubuhi, kaite mtu. Na nesi akiuliza "baba unaendeleaje" akasema sijambo wakati unamuona kakunja shuka, sema wewe. Au mfundishe kujibu kwa namba, sifuri haumi kabisa, kumi ni jando. Mwanaume ambaye hawezi kusema naumwa anaweza kusema saba.

Sasa namna ya kumwambia. Usimpelekee haya yote wewe, atasema mmepanga na shangazi. Mwombe aende siku ya kuandikishwa kwa ajili ya kuuliza tu, si kukatwa, akaongee na mtaalamu wa usingizi ana kwa ana mwanaume kwa mwanaume, aulize ganzi gani, sindano gani, na usiku wa kwanza atapewa nini cha maumivu na nani wa kumuita. Akijibiwa hovyo ana haki ya kurudi nyumbani. Tafuta pia mwanaume wa pale pale Mtama au Nyangao aliyefanyiwa busha likaisha salama, wapo tele ila wao hawakai barazani kusimulia, wako shamba. Na mwambie hesabu ya mikorosho, akifanyiwa sasa hivi kabla msimu wa kupuliza salfa haujaanza anapona kwa wakati, akisubiri msimu atasubiri mpaka korosho ziuzwe na mwaka mwingine umeenda.

Swali lako la mwisho wala usiombe samahani. Kazi nyepesi kama wiki mbili, kunyanyua magunia na baiskeli wiki nne mpaka sita, na yale mambo yenu ni kama mwezi mmoja, kidonda kiwe kimefunga na uvimbe umeshuka, daktari amuone kwanza. Uvimbe kidogo wa mwanzoni ni kawaida, usije ukamwambia busha limerudi, atapanda gari la Masasi tena.